Kikombe na Majaliwa

Msibani, baada ya mazishi, wazee wakiwa wamekaa mkekani na kahawa inazunguka, kuna maneno ambayo hayakosi kusemwa: kazi ya Mungu haina makosa. Hutamkwa kwa sauti ya chini na mfiwa huitikia kwa kichwa. Maneno haya yamewashika mkono watu wengi sana katika saa ambayo hapakuwa na kingine cha kushika, na mwenye busara hayachezei.

Ila maneno hayo hayo huwa mengine kabisa yakisemwa mapema mno. Mtoto wa mwaka mmoja ameharisha siku mbili. Macho yamedidimia, utosi umebonyea, na ngozi ya tumbo ukiifinya kwa vidole viwili hubaki imesimama kidogo kabla ya kurudi mahali pake. Anayesema hapo "tumwachie Mungu" anasema nini hasa? Angeyasema hayo mwaka 1869, angekuwa anasema kweli tupu. Akiyasema leo, hasemi kweli. Mungu ni yule yule, na kuharisha kunaua kwa njia ile ile. Kilichoingia katikati ni kikombe cha maji yaliyotiwa chumvi na sukari.

Kikombe hicho kinafaa kuwa kipimo cha swali linalowasumbua wanafalsafa, wahandisi na wafanyabiashara: uvumbuzi gani hugeuza maisha ya watu, na upi huongeza tu ubora wa kilichokuwepo? Watu wengi hujibu kwa kutazama upya wa kitu, kwamba hakijawahi kuonekana. Wengine hutazama ukubwa wa tofauti, na wengine ugumu wa kazi, kwamba ilihitaji akili isiyo ya kawaida na mitambo ya bei kubwa. Kwa vipimo hivyo vyote kikombe hiki kinaanguka. Chumvi ni ya tangu zamani, sukari ipo dukani, maji yako mtungini. Na hata hivyo mwaka 1978 jarida la kitabibu la Uingereza, Lancet, liliandika kwamba ugunduzi uliokizaa huenda ndio hatua muhimu kuliko zote katika tiba ya karne ile. Aliyeandika hivyo hakuwa anatia chumvi.

Kipindupindu kilipoingia Zanzibar mwaka 1869, daktari James Christie alikuwa anafanya kazi mjini. Baadaye, mwaka 1876, alichapisha kitabu kizima kuhusu maradhi hayo Afrika Mashariki, akiyafuatilia kwenye bandari na kwenye njia za misafara ya biashara kutoka bara. Ni kazi ya mtu makini. Lakini makini yake yalikuwa ya mtu anayehesabu maiti. Vijidudu vinavyoleta ugonjwa vilikuwa havijakubalika na waganga wengi, na dawa zilizotumika hazikuwa na maana. Watu walikufa kwa maelfu, na aliyesema "ajali haina kinga" alikuwa ameeleza hali ya elimu ya dunia nzima, ya Unguja na ya London pia.

Kumbe jibu moja lilikuwa limeshaonekana. Mwaka 1832 daktari wa Uskoti, Thomas Latta, aliwaingizia wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi moja kwa moja kwenye mshipa, akaona watu waliokuwa wameshakuwa baridi wakikaa kitako na kuzungumza. Latta alifariki mwaka uliofuata, na njia yake ikasahaulika kwa miaka mingi. Iliporudi na kukamilishwa katika karne ya ishirini ikawa hii dripu tunayoijua. Dripu iliokoa watu. Tatizo ni kwamba ilihitaji sindano safi, chupa za maji yaliyochemshwa kitaalamu, muuguzi anayejua kuutafuta mshipa uliozama, na jengo la kuviweka vyote hivyo. Aliyekaa saa mbili kwa miguu kutoka hospitali alibaki na majaliwa yake kama babu yake alivyokuwa.

Kwa nini basi mgonjwa asinyweshwe tu? Kwa sababu ilionekana wazi kwamba haisaidii: akinywa maji anayaharisha, akinywa maji ya chumvi anaharisha zaidi. Siri ilikuwa kwenye ukuta wa utumbo mdogo, na mwanabiokemia Mmarekani Robert Crane aliieleza kwenye mkutano wa wataalamu mjini Prague mwaka 1960. Kuna milango midogo pale inayopitisha chumvi na sukari zikiwa pamoja, na zikishapita, maji huzifuata. Sumu ya kipindupindu hufungulia maji yatoke mwilini kwa kasi ya kutisha, hata lita nzima kwa saa moja, lakini mlango huo wa chumvi na sukari haiuharibu. Ugonjwa unaovunja nyumba nzima unaacha mlango mmoja mzima. Kiswahili kina neno lake kwa jambo la namna hii: kuvumbua, yaani kukifunua kilichokuwa kimefichika. Mlango ulikuwepo miaka yote. Mwaka 1968 madaktari vijana David Nalin na Richard Cash walionyesha mjini Dhaka kwamba wagonjwa wa kipindupindu wakinyweshwa mchanganyiko huo, haja ya dripu inapungua kwa sehemu kubwa sana.

Mambo yangeweza kuishia hapo, kwenye majarida. Wauguzi na madaktari wengi waliona kunywesha ni tiba ya daraja la pili, kitu cha kumpa mgonjwa wakati dripu inaandaliwa. Na kwa kweli, kwa macho ya fundi, kutoka kwenye mrija na sindano kurudi kwenye kikombe ni kurudi nyuma.

Mwaka 1971 vita vya Pakistan ya Mashariki viliwasukuma watu wapatao milioni 10 kuvuka mpaka kuingia India. Katika mji mdogo wa Bangaon, karibu na mpaka, daktari Dilip Mahalanabis alikuta vyumba viwili vya hospitali vimejaa wagonjwa wa kipindupindu waliolala sakafuni. Ili kumfikia mgonjwa na kumtundikia dripu ilimbidi apige magoti kwenye kinyesi na matapishi. Katika kambi ya wakimbizi, watu kama 30 katika kila 100 waliougua walikuwa wanakufa. Baada ya wiki mbili hivi akiba ya dripu ikawa inakwisha.

Hapo akafanya uamuzi ambao haukuwa na idhini ya kitabu chochote. Huko Calcutta wenzake walipima na kufunga mifuko ya mchanganyiko: kwa kila lita moja ya maji, gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya mezani na gramu 2.5 za magadi ya kuokea. Mifuko ilipofika kambini ilikorogwa kwenye mapipa yenye bomba chini. Watumishi hawakutosha, kwa hiyo kazi ya kunywesha walipewa mama, baba, shangazi na kaka wa wagonjwa, kila mmoja na kikombe chake. Mtu asiyejua kusoma alikuwa anafanya kazi ambayo mwezi uliopita ilikuwa ya daktari. Katika wagonjwa zaidi ya 3,000 waliotibiwa hivyo, waliokufa walikuwa asilimia 3.6.

Tarakimu hizo zinapendeza, lakini kilichogeuka pale hakimo kwenye tarakimu. Shangazi aliyekaa pembeni ya mkeka alikuwa hana la kufanya ila kulia na kuomba. Sasa ana kikombe mkononi. Kama mgonjwa anahitaji lita 5 na yeye akalala usingizi baada ya lita 2, jambo fulani limetokea ambalo lisingeweza kutokea wiki iliyopita: anaweza kulaumiwa. Ni wazo gumu, tena ukali wake unaumiza ukiwafikiria watu wale, waliokuwa wamepoteza nyumba na jamaa na kutembea siku nyingi. Lakini ndilo linalotenganisha uvumbuzi na uvumbuzi. Uvumbuzi unaogeuza mambo hulichukua jambo kutoka kwenye orodha ya majaliwa na kuliandika kwenye orodha ya wajibu. Kabla yake watu huuliza kwa nini Mungu ameruhusu. Baada yake huuliza nani alikuwepo na alifanya nini.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alishikilia kwamba wajibu huandamana na uwezo: mtu hawezi kudaiwa atende asichokiweza. Waislamu wanalijua jambo hilo kwa njia ya Kurani, kwamba nafsi haikalifishwi zaidi ya uwezo wake, na huwa wanalisoma kama faraja. Ni faraja kweli. Ila mstari huo ukiugeuza una upande wa pili usio mwepesi: uwezo ukipanuka, wajibu unapanuka nao siku hiyo hiyo. Aliyempa mama chumvi na sukari amempa na mzigo.

Watakuwepo wanaohofia kwamba kusema hivi ni kumnyang'anya Mungu kazi yake. Hofu hiyo ina historia ndefu na imeshajibiwa vizuri. Khalifa Umar bin Khattab alikuwa njiani kwenda Shamu (Siria), karibu mwaka 639, alipopata habari kwamba kuna tauni huko. Akashauriana na watu wake, akaamua kurudi. Abu Ubayda, mmoja wa masahaba wakubwa, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akakubali kwamba anaikimbia, lakini anakimbilia kadari nyingine ya Mungu huyo huyo. Kisha akatoa mfano wa mchungaji wa ngamia mwenye bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari ya Mungu, lakini nani angempeleka mnyama wake kwenye ukame kwa kisingizio hicho? Abu Ubayda alibaki Shamu na alifariki kwa tauni ile, naye anaheshimiwa mpaka leo. Umar hakumwita mjinga. Alichokikataa ni kuitumia kadari kama sababu ya kukaa. Kikombe cha maji ya chumvi na sukari ni upande wa bonde wenye majani.

Thomas Kuhn, katika kitabu chake cha 1962 kuhusu mapinduzi ya kisayansi, alieleza kwamba mapinduzi hutokea pale wataalamu wanapouacha mtindo mzima wa kuuliza na kujibu maswali na kuushika mwingine. Ni kipimo kizuri, ila kinakaa maabara. Kipimo hiki cha visingizio, yaani kuuliza ni kisingizio gani hakikubaliki tena, kinakaa sebuleni, na kinaweza kutumiwa hata kwa vitu visivyohusu tiba.

Chukua M-Pesa. Kabla ya Machi 2007, ilipozinduliwa Kenya, kijana aliyefanya kazi Nairobi akitaka kumpelekea mama yake pesa Siaya au Kitui alikuwa na swali la kwanza: nani anasafiri? Pesa zilifungwa kwenye bahasha akapewa jirani, au kondakta wa basi. Akikosa mtu, alisubiri. Na mama akipiga simu mwisho wa mwezi, kulikuwa na jibu lililokuwa kweli na lililokubalika na pande zote: "Mama, nimekosa mtu wa kumpa." Vipengele vya M-Pesa vilikuwepo vyote. Simu zilikuwepo, ujumbe mfupi ulikuwepo, watu walikuwa wanatumiana salio la muda wa maongezi, maduka ya mitaani yalikuwepo. Hata kusudi la kwanza lilikuwa dogo: majaribio yaliyoanza mwaka 2005 yalilenga kuwawezesha watu kurudisha mikopo midogo kwa simu. Wakopaji wenyewe wakaanza kutumiana pesa, na waendeshaji wakawa na akili ya kuwafuata.

Wachumi William Jack na Tavneet Suri walizifuatilia kaya za Kenya katika miaka ya mwanzo. Kaya isiyotumia huduma hiyo ikipatwa na pigo, kama ugonjwa au kupoteza kazi, matumizi yake yalishuka kwa asilimia 7 hivi. Kaya iliyoitumia haikushuka, kwa sababu ndugu na marafiki walituma, tena walituma wengi zaidi na kutoka mbali zaidi. Kasi ya pesa ni jambo moja. Lililo kubwa ni kwamba kisingizio kilikufa. "Nimekosa mtu wa kumpa" haisemeki tena, na badala yake limezaliwa ombi ambalo halikuwepo: nitumie na ya kutolea. Kijana mwenye kazi mjini, ambaye zamani alidaiwa na mama na labda mjomba mmoja, sasa anadaiwa na ukoo mzima, saa yoyote, hata akiwa kwenye daladala. Wengine wanaelemewa, na malalamiko yao ni ya haki. Yanathibitisha pia ukubwa wa kilichotokea: uboreshaji wa kawaida hauwapi watu madeni mapya ya kiutu.

Linganisha na simu ambayo kila mwaka kamera yake inakuwa kali kidogo kuliko ya mwaka jana. Kuna werevu mwingi ndani yake na wahandisi wake wanastahili mishahara yao. Lakini anayeinunua haamki kesho yake akiwa na jambo ambalo jana angesamehewa na leo hasamehewi.

Kipimo hiki hakisifu, na hilo lieleweke. Agosti 1945 mji wa Hiroshima uliteketezwa kwa bomu moja. Mpaka siku hiyo, kuangamiza mji kwa dakika moja lilikuwa jambo la Mungu, kama habari za Sodoma na watu wa Lut. Tangu hapo likawa jambo la mtu mwenye jina na ofisi. Mwanafizikia Leo Szilard, mmoja wa waliofungua njia ya nguvu za nyuklia, mwezi mmoja kabla alikuwa anakusanya saini za wenzake kumsihi rais wa Marekani kuhusu matumizi ya silaha hiyo. Alikuwa ameuona wajibu ukija kabla ya moshi. Hakusikilizwa.

Lakini si haki kuwasahau waboreshaji, kwa sababu bila wao mlango uliofunguliwa hubaki mlango wa wachache. Bangladesh, nchi iliyokuwa Pakistan ya Mashariki, mara baada ya vita vile ilikuwa na mamilioni ya mama vijijini wasio na mifuko ya glukosi wala zahanati ya karibu. Shirika la BRAC, lililoanzishwa na Fazle Hasan Abed mwaka 1972, lilituma wanawake kwenda nyumba kwa nyumba, kazi ya miaka 10 kuanzia 1980, wakawafikia mama zaidi ya milioni 12. Hawakubeba dawa. Walifundisha: chumvi ya kubana kwa ncha za vidole vitatu, sukari guru ya konzi moja, maji ya nusu lita hivi. Mama alikoroga mwenyewe huku mgeni anatazama. Wiki kadhaa baadaye mtu mwingine alipita kwenye baadhi ya nyumba kumwuliza mama anakumbuka nini na kumwomba akoroge tena, na mshahara wa mwalimu ulitegemea majibu yale. Mwalimu aliyesema vizuri mbele ya mama asiyeelewa hakulipwa sawa na yule aliyeeleweka.

Hata hivyo mwanzoni ilionekana kwamba mama wamejua lakini wachache mno wanatumia. Ilipochunguzwa, walimu wenyewe hawakuiamini dawa. Wakiugua tumbo walimeza vidonge. Wakapelekwa Dhaka kuonyeshwa kwa macho jinsi inavyofanya kazi mwilini. Ikaonekana tena kwamba wanaume walikuwa wameachwa nje ya mazungumzo, basi wakafuatwa sokoni na msikitini. Kila hatua hapo ni ndogo. Hakuna hata moja ambayo ingepewa tuzo. Ndivyo ilivyokuwa pia Shirika la Afya Duniani lilipobadilisha vipimo vya mchanganyiko mwaka 2002 kwa kupunguza chumvi na sukari ili watoto watapike kidogo, na vidonge vya zinki vilipoongezwa mwaka 2004. Uvumbuzi huuanzisha wajibu. Maboresho haya huufanya uwezekane kwa mama wa kijiji cha mwisho kwenye barabara. Kumdai mtu asichofundishwa ni dhuluma, na kazi ya BRAC ilikuwa kuiondoa dhuluma hiyo nyumba baada ya nyumba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuharisha kuliua watoto wa chini ya miaka mitano wapatao milioni 4.6 kila mwaka duniani. Hesabu za miaka ya karibuni ziko chini ya nusu milioni. Maji safi, chanjo na lishe vimefanya sehemu yao, na kikombe kimefanya yake. Lakini katika watoto wanaoharisha leo, wanaopewa mchanganyiko huu ni chini ya nusu. Hili ndilo linalouma. Vifo vinavyobaki haviwezi tena kuandikwa kwenye orodha ya zamani, ile ya majaliwa. Pakiti moja ya mchanganyiko huu, unaoitwa ORS, bei yake haizidi ya soda. Pasipo pakiti, jikoni kuna vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwenye lita moja ya maji safi. Mwenye zahanati isiyo na pakiti, mwenye bajeti aliyezikata, jirani aliyejua na hakwenda kusema, kila mmoja wao ana swali lake la kujibu, na si mfiwa peke yake anayepaswa kulibeba.

Kipindupindu kinaporudi, kama kilivyorudi Dar es Salaam Agosti 2015, kambi za matibabu huwa na vitanda vya turubai vilivyotobolewa katikati. Chini ya tundu kuna ndoo yenye mistari ya lita. Muuguzi huinama, husoma mstari, huandika, kisha humgeukia aliyekaa kwenye kigoda pembeni, mara nyingi ni mama au dada wa mgonjwa, na kumpa jagi lenye kiasi kile kile kilichopotea. Mgonjwa hawezi kunywa kwa mkupuo, atatapika. Kwa hiyo ni kijiko, kisha kusubiri kidogo, kisha kijiko kingine. Usiku kucha, yule wa kigodani ananyanyua mkono na kuushusha. Akisikia usingizi anamwamsha wa kitanda cha jirani amshikie jagi, akanawe uso.